Mstari wa Juu Kabisa

Pito, Sumbawanga
14 Aprili 2024

Mwanangu Kornel,

Pokea salamu za watu wote wa hapa nyumbani. Wazima tupo. Baba yako Zenon goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayepalilia. Mama yako Monika yuko Kate kwa mdogo wake, atarudi Jumatano. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Tunakuombea kila jioni, na mimi hukuombea kwa ukali zaidi siku kompyuta inapogoma.

Na imegoma, au imefanya kibaya kuliko kugoma. Jumapili iliyopita baada ya misa kikundi chetu cha mbegu kilikutana. Mwenyekiti Stefania akafungua ule ukurasa uliotutengenezea, kwenye simu yake, awaonyeshe wanachama wapya jinsi ya kuona nani ana mbegu ya ulezi na nani ana ya maharage. Badala ya ulezi ikatokea kamari. Binti nusu uchi kashika mpira, anatuita tubeti. Mzee Alois alivaa miwani asogee aone vizuri. Wengine wote walinitazama mimi, maana katibu ni mimi, na funguo za ofisi na kompyuta yenyewe ninazo mimi.

Stefania akasema mbele ya watu arobaini, "Mwalimu Emerensiana, umetuuza kwa nani?"

Nimefundisha darasani miaka thelathini na moja, Kornel. Hakuna aliyewahi kuniita mwizi.

Niliporudi ofisini nilikuta kwenye sehemu ya maoni mtu kaandika alama tupu, kama maandishi ya mwenye homa. Nikafuta. Kesho yake yamerudi. Loth, fundi wa simu pale stendi, anasema dawa ni kufuta kila kitu, na humo mna majina ya wakulima mia tatu na kumi na wawili. Novemba mvua inaanza na mbegu lazima zigawiwe kwa ukurasa huo. Najua simu walikunyang'anya getini na barua mnaruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Basi Jumapili hiyo iwe yangu.

Shangazi yako,
Emerensiana


Nyumba ya Unovisi, nje ya Songea
5 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimepangiwa nguruwe na bustani ya kabichi. Mlezi wetu wa wanovisi ni mtu mpole lakini macho yake hayaachi kitu, na barua zote zinapita mezani kwake zikiwa wazi, zinazotoka na zinazoingia. Nakuambia ili ujue. Mpe baba pole ya goti. Nadhiri zangu za kwanza za utawa ni tarehe 8 Desemba, mkiweza kuja mtanifurahisha sana.

Nimesikitika kusoma habari ya kamari. Kinachokosekana ni kifurushi cha programu kinachoitwa helmet, jina lile lile la kofia ya bodaboda, usicheke. Kinakaa katikati ya ukurasa na simu ya mtu, kinaiambia simu isitii maagizo yoyote isipokuwa ya ukurasa wenyewe. Huyo mhuni ameandika maagizo yake kwenye maoni, na simu ya mama Stefania imeyatii kwa sababu hakuna wa kuikataza.

Fungua lile dirisha jeusi kwenye kompyuta, uandike hivi hivi, kisha ubonyeze Enter:

npm install helmet

Kikishaingia, fungua faili la app.js uongeze mistari hii miwili:

const helmet = require('helmet')
app.use(helmet())

Hifadhi, zima mfumo, uwashe tena. Kwa nini hakikuwemo ni habari ndefu, na karatasi imeniishia.

Mwanao,
Kornel


Pito
9 Juni 2024

Mwanangu Kornel,

Barua yako ilifika tarehe 24 Mei. Karatasi yako haikuwa imeisha, chini ilibaki nafasi ya vidole vinne, nimepima. Lakini tuyaache.

Nyumbani salama. Mahindi tumevuna, ulezi tunaanza wiki ijayo. Upepo wa huku ushaanza kukata masikio. Baba yako amenunua koti la mtumba la mwanajeshi wa nchi gani sijui, na hataki kulivua hata mezani.

Siku ya kwanza umeme ulikatika. Siku ya pili ulikuwepo, mtandao ukawa hakuna. Siku ya tatu nikaweka bando, nikaandika amri yako herufi kwa herufi. Dirisha likakaa kimya robo saa nzima, likaniletea maneno mekundu kwamba limechoka kungoja. Nikarudia. Likachoka tena. Mara nne, Kornel. Mara ya tano likaandika added 1 package, nikapiga makofi peke yangu ofisini, mwanamke wa miaka hamsini na tisa.

Nikaongeza mistari yako. Nikazima, nikawasha. Likaja hili: Cannot find module 'helmet'. Yaani kitu nilichokiona kinaingia kwa macho yangu, sasa linasema halikijui. Na ukurasa wote ukafa, hata kamari haionekani. Ikabidi niiondoe mistari yako ndipo ukafufuka, pamoja na binti yake wa mpira.

Nimejaribu kutafuta kwenye mtandao. Watu kumi na mmoja wanajibu njia kumi na mbili, wote kwa Kiingereza na wote wanagombana. Stefania hanisalimii kanisani. Kosa la Mei utalijibu Julai, na mimi nitalisoma Agosti. Nieleze vizuri safari hii, kama unayemweleza mtoto wa darasa la tatu.

Shangazi yako


Nyumba ya Unovisi
7 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huku ni njema, nguruwe wamezaa kumi na moja, wawili wamekufa. Nimecheka peke yangu kanisani nikilikumbuka koti la baba, nikapewa adhabu ya kufagia ua wiki nzima.

Nisamehe, kosa ni langu, sikukwambia. Dirisha jeusi huwa limesimama ndani ya folda fulani, na kifurushi kinaingia pale pale liliposimama. Tazama jina lililoandikwa kabla ya ile alama inayopepesa. Lisipokuwa mbegu, andika kwanza:

cd ~/mbegu

Ndipo uandike amri ya kusakinisha, kisha urudishe ile mistari miwili kwenye app.js. Hakuna kingine kilichoharibika. Usikate tamaa, shangazi.

Mwanao,
Kornel


Pito
18 Agosti 2024

Kornel,

Nyumbani wazima. Ulezi umetoka vizuri. Baba yako bado yumo ndani ya koti.

Nilitazama jina kama ulivyosema. Dirisha lilikuwa limesimama kwenye folda ya kwaya, maana Loth ndiye aliyekuwa wa mwisho kulifungua alipoingiza nyimbo za Pasaka. Kwa hiyo tangu Mei nyimbo za kwaya ya Pito zimevaa helmeti, na ulezi wetu uko kichwa wazi.

Nikaenda mbegu, nikasakinisha, safari hii kwa mara mbili tu. Nikaandika mistari yako mwisho kabisa wa faili, chini ya yote. Nikawasha. Hakuna neno jekundu hata moja. Nikamwendea Stefania mwenyewe nyumbani kwake, nikamwambia ugonjwa umepona. Akasema, haya, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni wanachama wote watakuwepo, tutafungua mbele yao.

Tukafungua mbele yao, na binti wa kamari akatokea na mpira wake.

Sitakueleza nilivyojisikia. Nilikaa kwenye benchi hadi watu wote wakaondoka, mzee Alois akabaki kunisubiri kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma zaidi. Stefania ameitisha mkutano Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Ajenda ni mbili, kurudi kwenye daftari na kuchagua katibu mwingine. Wanasema nimeuza nafasi ya matangazo na ninawazungusha kwa maneno ya kompyuta.

Sasa nakuuliza swali moja, ulijibu. Mwaka jana ukurasa huu ulikaa miezi saba bila uchafu wowote. Hicho kifurushi kilikuwemo au hakikuwemo?

Emerensiana


Nyumba ya Unovisi
1 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako imewahi, imechukua siku kumi tu. Huku kabichi zimeliwa na wadudu. Wasalimie wote.

Kosa nimeliona uliposema mwisho kabisa wa faili. Kompyuta inasoma mistari kutoka juu kwenda chini. Mtu anapofungua ukurasa anajibiwa na mistari ya juu na safari yake inaishia hapo, hafiki chini kabisa alikokaa mlinzi. Umemweka mlinzi nyuma ya magunia, shangazi, wakati mlango uko mbele. Nimejiuliza kwa nini uliweka huko, halafu nikakumbuka kikundi chetu. Mwanachama mpya anakaa benchi la nyuma msimu mzima na jina lake linaandikwa mwisho wa orodha. Na hiki ulikiona kipya, ukakipa heshima ya kipya. Kipandishe juu, mara tu baada ya mstari unaosema const app = express(), kabla ya mwingine wowote.

Picha za mbegu huenda zikapotea ukifanya hivyo. Usishtuke. Ukitaka kuona faili lilivyobadilika toka mwanzo, andika ukiwa kwenye folda ya mbegu:

git log

Itakuonyesha orodha ya kila kilichofanyika, tarehe yake na aliyefanya. Soma taratibu.

Naombea mkutano wenu.

Kornel


Pito
22 Septemba 2024

Kornel,

Wazima. Mama yako anakushonea shati jeupe la Desemba.

Nimepandisha mistari juu. Nimefungua kwa simu yangu, kwa simu ya Loth na kwa simu ya muuza vitumbua. Kamari haipo tena. Picha za mbegu nazo hazipo, palipokuwa na ulezi pamebaki kisanduku kitupu.

Halafu nikaandika amri yako ya mwisho, nikasoma taratibu kama ulivyosema. Kuna mstari wa tarehe 6 Januari, siku moja kabla hujapanda basi. Sitaunakili hapa, maana umeniambia barua zetu zinasomwa mezani kwa Mlezi kabla hazijakufikia, na mimi si mtu wa kukuharibia Desemba yako.

Lakini swali langu la Agosti uliliruka. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Umenipa amri ili kompyuta iseme badala yako. Mwanangu, ulikwenda huko kujifunza mambo ya Mungu, na hata mtoto wa komunio ya kwanza anajua kwamba hakuna anayeungamiwa dhambi zake na mwenzake, sembuse na mashine.

Nina hasira na wewe. Nimekuwa na hasira wiki nzima, nikisaga nakusema, nikipepeta nakusema. Kamari imeondoka lakini wanachama wanasema nimewarudishia wateja wangu pesa zao, ndiyo maana imeondoka. Mkutano ni tarehe 12. Nangoja useme mwenyewe.

Emerensiana


Nyumba ya Unovisi
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nguruwe.

Kifurushi kilikuwemo. Nilikiweka mimi toka mwanzo, na nilikiondoa mimi tarehe 6 Januari. Wageni wa kununua ulezi walikuwa wanakuja kesho yake asubuhi, na picha mpya za mbegu nilizoziweka mchana ule zilikuwa zimegoma kuonekana. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye tovuti nyingine, na helmet hairuhusu picha za kutoka nje mpaka uiagize. Dawa yake ni kusoma maelezo kama saa mbili. Mimi nilikuwa nafunga begi. Nikaing'oa yote, picha zikarudi, baba akanisifu mbele ya wageni, nikajiambia nitairekebisha kwa simu nikiwa njiani. Basi liliharibika, nikalala, nikafika hapa, simu ikachukuliwa getini. Sikumwambia mtu.

Barua yako ya Aprili ilipofika nilijua papo hapo. Niliona aibu, shangazi. Niliogopa Mlezi akiisoma ataniona mimi ni mtu wa kuacha mlango wazi nikaenda zangu. Kwa hiyo nikakupa amri moja baada ya nyingine, nikitumaini utatengeneza bila kuuliza. Ile git log nilikupa nikijua itakuonyesha. Nilidhani nikifanya hivyo nimeshasema. Ulivyoandika kuhusu mtoto wa komunio, nilishindwa kula.

Juzi nilikwenda mwenyewe kwa Mlezi nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu, "Shangazi yako amebebeshwa hili tangu lini?" Nikamwambia tangu Aprili. Nadhiri zangu hazitakuwa Desemba. Alisema zitangoja mwaka mwingine, na hakusema kwa hasira.

Humu ndani kuna barua nyingine ya wanachama. Isomwe kwa sauti. Mlezi alinipa bahasha, akasema hii hahitaji kuisoma, niifunge mwenyewe kwa gundi. Najua ni tarehe sita na mkutano ni tarehe kumi na mbili. Nimeomba iende na basi la kesho.

Picha zihamishe ziingie ndani ya folda yetu wenyewe, zitaonekana. Amri za kuhamisha, na za kuandika mstari wako kwenye ile orodha ya git log, nimeziweka nyuma ya karatasi hii.

Mwambie mama asishone shati kwanza.

Kornel


Pito
10 Novemba 2024

Mwanangu Kornel,

Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ndogo lakini imelowesha. Baba yako amevua koti. Nilimsomea barua yako jikoni, akatoka nje, akarudi baada ya muda mrefu akaniambia nikuandikie kwamba sifa zile za mbele ya wageni hazifuti. Mama yako hakuacha kushona. Anasema shati halina tarehe.

Bahasha yako ilifika tarehe 25 Oktoba. Ilipita siku nne imekaa stendi chini ya mzigo wa migebuka mikavu, nikaifungua inanuka samaki. Wakati huo mkutano ulishapita siku kumi na tatu. Waliniondoa, kura ishirini na tisa kwa kumi na nne. Walimchagua Wiliam wa kule chini na daftari lake. Dirisha jeusi lilikuwa wazi mezani pale pale, ningeweza kuwaonyesha mstari wako wa Januari. Sikuwaonyesha. Nilikabidhi funguo nikaenda nyumbani, nikalia, na nilikulilia wewe kama nilivyojililia mimi. Ningeandika kwamba sikukulaumu ningekuwa nadanganya.

Barua ya wanachama sikuifungua. Nilimpelekea Stefania ikiwa na gundi yako. Jana tulikutana kugawa mbegu. Wiliam alikwishachanganya watu wa Kate na wa Pito, waliotaka ulezi wameandikiwa maharage, na ukurasa wake mmoja umelowa hausomeki. Watu wanagombana hata kabla ya sala. Stefania akasimama akasema ajenda zote zingoje, akaisoma barua yako kwanza. Ameisoma kwa sauti ya juu, mpaka pale uliposema, "Mwalimu hakuuza kitu. Aliyeacha mlango wazi ni mimi, na nilinyamaza miezi sita huku mkimsema yeye."

Mzee Alois ndiye aliyesimama kwanza. Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nimejua tangu Septemba. Akauliza kwa nini sikusema Oktoba, nikamjibu halikuwa langu la kusema.

Stefania alikunja barua. Akaja pale nilipokaa, benchi la nyuma, maana asiye na cheo anakaa huko. Akasema, "Nilikuita mwuzaji mbele ya watu arobaini. Leo wako hamsini na wawili. Naomba radhi mbele ya wote hawa." Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumjibu, miezi saba nayatunza. Nikasogea, nikampa nafasi kwenye benchi.

Funguo ninazo tena. Wiliam alinipa mwenyewe, kama anayetua mzigo. Asubuhi hii baada ya misa nimepiga picha za mbegu upya kwa simu yangu, kwenye ungo. Kwenye ya ulezi mwekundu kidole gumba changu kimetokea, na sitairudia. Zimeingia kwenye folda yetu na zinaonekana, helmet ikiwa juu pale pale.

Halafu nikafungua orodha ile. Loth aliniambia kuna namna ya kuufuta mstari wako wa tarehe 6 Januari, usionekane na mtu. Nimemkatalia. Upo kama ulivyouandika, "Nimeondoa helmet, picha hazionekani, wageni kesho. Kornel." Ila orodha hiyo huweka la mwisho juu, kwa hiyo ukirudi likizo ukaifungua, wa kwanza utakaouona ni wangu. Nimeandika hivi: "Helmet imerudi, na picha zipo. Kornel amesema mwenyewe. Emerensiana."

Shangazi yako